Kukata Shauri: Habari za Neno na za Watu wa Unguja

Katika maneno ya Kiingereza ambayo vijana wetu hukutana nayo mapema na kuyaelewa kwa kuchelewa, liko neno "resolve". Tukilitafuta katika kamusi tutaona maana nyingi zimepangwa safu moja: kukata shauri; kuazimia; kutatua jambo lililotatana; kuondoa shaka; na katika maandishi ya zamani, kuyeyuka. Mwanafunzi hushangaa akauliza, Je, neno moja lawezaje kuwa na maana ya kukaza, na papo hapo likawa na maana ya kulegeza? Swali hili ni jema, wala si la wanafunzi peke yao. Twaona yafaa tulichungue, kwa kuwa ndani yake mna habari za lugha yetu wenyewe, na ndani ya habari za lugha mna habari za watu wa kisiwa cha Unguja, tangu mjini hata Kiwengwa, kijiji cha wavuvi kilicho pwani ya mashariki, katika Wilaya ya Kaskazini B.

Tena liko jambo lingine litufanyalo tuandike. Imekuwa desturi kumwambia kila mtu aliyekwama, "Penye nia pana njia." Maneno haya ni mazuri yakisemwa kwa wakati wake. Lakini mara nyingi husemwa na mtu aliyekwisha kufika, akimwambia mwenziwe asiyepata hata mahali pa kuanzia; na maana yake huwa, Wewe u maskini kwa sababu huna nia. Sisi twataka kuziuliza habari za kale kama neno hilo ni kweli.

ASILI YA NENO

Waingereza walilipata neno hili kutoka Kilatini, na katika Kilatini maana yake ni kufungua, au kulegeza kitu kilichofungwa. Ndiyo sababu hapo mwanzo, yapata karne ya 14, lilitumika kwa vitu viyeyukavyo na vitu vitenganavyo. Baadaye likawa neno la akili. Jambo gumu ni kama fundo, na mwenye kulifikiri hulifungua kidogo kidogo mpaka nyuzi zote zionekane. Katika karne ya 16 maana yake ikaongezeka tena: mtu aliyekwisha kufungua fundo la mashaka yake, akajua alitakalo na asilolitaka, huyo akasemwa kuwa ana "resolve". Basi kufungua kulitangulia, na kukaza moyo kulikuja nyuma.

Wanayo maneno mengine mawili yaliyo jirani na hilo, nayo pia ni ya Kilatini. Moja ni "decide", ambalo asili yake ni kukata. La pili ni "determine", ambalo asili yake ni kuweka mpaka, kama mtu awekavyo alama katika shamba lake ili ajue mwisho wake ni wapi. Kwa hiyo katika maneno matatu, moja hufungua, moja hukata, na moja huweka mpaka.

Sasa na tutazame kwetu. Sisi husema "kukata shauri". "Kukata" ni neno letu la Kibantu, na "shauri" limetoka Kiarabu, shina moja na "shura", yaani kushauriana kwa watu wengi. Hata neno "halmashauri" limebeba shauri ndani yake. Mwenye akili atatambua ya kuwa shauri haliwezi kukatwa kabla halijawapo. Kwanza watu huketi, wakasema na kusikilizana. Na hata mtu akiwa peke yake huketi na moyo wake, akausikiliza upande huu na upande huu. Ndipo hukata. Mtu akatae asiposikia neno la mtu, huyo hakukata shauri, amekata tu, nasi twamwita mkaidi. Na wazee wamekwisha kutuambia ya kuwa mkaidi hafaidi mpaka siku ya Idi.

Tuangalie pia ya kwamba kitenzi hicho hicho twakitumia tukisema "kukata tamaa". Kisu ni kimoja. Mmoja hukata mashaka yake, akabaki na shauri. Mwingine hukata tumaini lake, akabaki mikono mitupu. Tofauti si ukali wa kisu, bali ni kile kilichokatwa.

Liko neno "nia", nalo ni la Kiarabu pia. Nia hukaa ndani ya mtu, wala haionekani. Jirani zetu Waislamu wa Kiwengwa wakitaka kufunga Ramadhani hutia nia usiku, kabla ya alfajiri, wakati ambapo hakuna mtu wa kuwaona. Liko tena "azma", na kitenzi chake "kuazimia", ambalo lina nguvu kupita nia, kwa maana ni nia iliyokazwa. Watu wengi wakiazimia pamoja, hilo huitwa azimio, kama Azimio la Arusha lililotangazwa na chama cha TANU mwezi wa Februari 1967. Kisha liko neno letu la Kibantu, "kukaza": twakaza kamba, twakaza mwendo, twakaza moyo.

Haya yote yatufundisha utaratibu mmoja. Jambo hufunguliwa kwanza, likatazamwa, kisha hukatwa, kisha hukazwa. Mwenye kuanza kwa kukaza amegeuza kazi juu chini.

WALIOYAANDIKA MANENO

Mwezi wa Agosti 1864 Askofu Tozer na Dakta Edward Steere walifika Unguja. Steere alikuwa amesomea sheria kabla hajawa kasisi. Krapf alikuwa amekwisha kuandika sarufi ya Kiswahili cha Mombasa na kuipiga chapa mwaka 1850, lakini Kiunguja kilikuwa bado hakijapata kitabu cha namna hiyo. Steere aliketi na watu wa mjini, akauliza maneno na maana zake, akaandika, akauliza tena. Baada ya miaka sita, yaani mwaka 1870, kikatoka kitabu chake cha kufundishia Kiswahili kama kisemwavyo Unguja, pamoja na kitabu cha hadithi za Kiswahili. Baada yake akaja A. C. Madan, aliyetunga kamusi ya Kiingereza kwa Kiswahili mwaka 1894, na ya Kiswahili kwa Kiingereza mwaka 1903. Mwaka 1928 mkutano wa Mombasa ulikichagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili cha shule na vitabu katika nchi zote za Afrika ya Mashariki zilizokuwa chini ya Waingereza, na mwaka 1930 ikaundwa halmashauri ya kuisimamia kazi hiyo.

Twayataja haya ili msomaji ajue kwamba maneno "kukata shauri" na "nia" hayakuundwa chuoni. Yalikuwapo vinywani mwa watu wa Unguja, waungwana na watumwa, kabla hayajaingia kitabuni. Nasi tukitaka kujua watu hao waliyatumiaje, yatupasa kutazama matendo yao katika miaka ile ile ambayo Steere alikuwa akiyaandika.

SOKO LA MKUNAZINI

Mjini Unguja, mahali paitwapo Mkunazini, palikuwa na soko la kuuzia watu. Mwezi wa Januari 1873 alifika Sir Bartle Frere, mjumbe wa serikali ya Uingereza, akimtaka Seyyid Barghash bin Said afunge biashara ya watumwa ya baharini. Seyyid alikataa. Nchi yake ilikuwa imepigwa na tufani kubwa ya Aprili 1872 iliyoangusha mikarafuu na minazi ya Unguja, na hasara ilikuwa bado haijarudi. Frere akaondoka bila mkataba. Kisha balozi John Kirk akaagizwa amwambie Seyyid kwamba asipotia sahihi, manowari zitakizunguka kisiwa na kuzuia vyombo visiingie wala kutoka. Tarehe 5 Juni 1873 Seyyid alitia sahihi, na soko likafungwa.

Je, hapo ni nani aliyekata shauri? Mkono ulioandika ulikuwa wa Seyyid, lakini shauri halikuwa lake. Hatusemi haya ili kulipunguza lile jambo jema, maana kufungwa kwa soko kuliwaokoa watu wasiohesabika. Twasema ili tuone ya kuwa jambo lililokatwa kwa hofu halikazwi na aliyekata. Biashara iliendelea kwa siri miaka mingi. Majahazi yalivuka usiku, na misafara ilitembea kwa nchi kavu, hata ikabidi amri nyingine zitolewe mwaka 1876. Amri iliweza kuandikwa kwa siku moja, lakini kuitimiza kulitaka miaka mingi.

Mahali pale pa soko ndipo lilipowekwa jiwe la msingi la kanisa siku ya Krismasi mwaka ule ule wa 1873. Steere alifanywa askofu mwaka 1874, naye aliisimamia kazi ya kujenga mwenyewe. Paa lake lilifanywa kwa mawe ya matumbawe yaliyopondwa na kuchanganywa na saruji, likapindwa kama tao kutoka ukuta hata ukuta, bila nguzo katikati. Walikuwapo watu waliosema litaanguka. Limesimama mpaka leo. Husimuliwa pia ya kuwa Steere alipokuwa safarini mafundi walizisimamisha nguzo fulani za upande wa magharibi kichwa chini, naye aliporudi akaziacha vivyo hivyo. Mgeni aingiaye humo huonyeshwa nguzo hizo hata sasa. Steere alikufa Agosti 1882, akazikwa nyuma ya madhabahu ya kanisa hilo.

Hapo twaona azma ya namna nyingine. Mwenye kujenga alikuwa amehesabu gharama kabla ya kuanza, naye hakuubomoa ukuta kwa sababu ya nguzo chache zilizopinduka. Lakini tusisahau kwamba alikuwa na mawe, fedha, na mafundi. Njia yake ilikuwa ngumu, lakini njia ilikuwapo. Wako watu wengine wa zamani zile walioishi karibu na kanisa hilo, ambao hawakuwa hata na hiyo.

SHERIA YA 1897

Kufunga soko hakukuwafungua waliokwisha kununuliwa. Mashamba ya karafuu yaliendelea kulimwa na watumwa kwa miaka mingine zaidi ya 20. Nia ya kutoka walikuwa nayo tangu zamani. Kule bara, nyuma ya Mombasa na Malindi, watoro walikuwa na miji yao wenyewe, kama Fuladoyo, waliyoijenga porini na kuilinda. Lakini Unguja ni kisiwa, na mtu akikimbia atafika ufukoni. Bahari ilikuwa kama ukuta.

Mwezi wa Aprili 1897 Seyyid Hamoud bin Mohammed alitoa sheria ya kuondoa utumwa katika Unguja na Pemba. Wengi wetu tukisikia hivyo twadhani kwamba siku ile watumwa wote waliamka wakiwa watu huru. Haikuwa hivyo. Sheria ilisema ya kwamba mahakama hazitatambua tena haki ya mtu kummiliki mwenziwe. Lakini mtumwa aliyetaka kuandikiwa uhuru wake ilimpasa aende mwenyewe mbele ya mahakama auombe. Bwana wake alilipwa fidia kwa hasara aliyoipata. Mtumwa hakulipwa kitu kwa miaka aliyotumika. Tena aliyepewa uhuru alitakiwa aonyeshe kwamba ana makao na njia ya kujipatia riziki, la sivyo angehesabiwa mzururaji. Na masuria walitengwa: walihesabiwa kama wake, wasiweze kudai uhuru ila wakithibitisha kwamba wametendewa ukatili. Hao walingoja mpaka sheria nyingine ya 1909.

Sasa msomaji na ajiweke mahali pa mtu wa mwaka ule. Kibanda akaacho kipo katika shamba la bwana. Mihogo aliyoipanda imo katika ardhi ya bwana. Mkewe huenda ni wa bwana mwingine, na watoto wamefuata upande wa mama. Akienda mahakamani atarudi na karatasi ya uhuru, lakini usiku ule atalala wapi? Asipoenda atabaki na kibanda na mihogo, naye atabaki na jina la utumwa. Hilo ndilo fundo alilopewa alifungue.

Baadhi yao walikwenda. Walitembea kutoka mashambani mpaka mjini, wakasimama mbele ya watu wa serikali, wakasema majina yao na majina ya mabwana zao. Wengine hawakwenda, bali walifanya mapatano mapya pale pale shambani: kufanya kazi siku kadha wa kadha katika juma, nao wakaachiwa nyumba na mahali pa kulima. Walikuwapo wakubwa wa serikali waliowatazama hao wa pili wakasema, Mnaona, watu hawa hawautaki uhuru; wameridhika.

Sisi twakataa hukumu hiyo. Yule aliyebaki akapatana na bwana alikuwa amekata shauri sawasawa na yule aliyekwenda. Alihesabu mihogo yake, watoto wake, na miguu ya mama yake mzee, kisha akachagua. Hakukosa nia, alikosa ardhi. Lau sheria ingempa hata kipande cha shamba alilolilima miaka yote, tungeona nia yake imekimbilia wapi. Basi hapa ndipo methali yetu inapopungua. Nia ilikuwapo tangu siku ya kwanza mtu alipotiwa chomboni, lakini njia haikuonekana ila baada ya miaka mingi, na ilipoonekana ilikuwa nyembamba. Katika habari hii, nia iliingoja njia.

BINTI WA FUMBA

Katika miaka hiyo hiyo, yapata 1880, mtoto wa kike alizaliwa Fumba, kijiji kilicho kusini ya mji. Wazazi wake walikuwa wa nasaba ya watumwa, na jina aliloitwa utotoni lilikuwa Mtumwa. Mama yake alifinyanga vyungu, na yule binti alivichukua kwa miguu akavitembeza, akiwaita wanunuzi kwa sauti. Hakusoma shule. Mwaka 1911 alihamia mjini. Huko alikutana na wapiga muziki wa taarabu, wakamfundisha, naye akajifunza. Mwaka 1928 alisafiri na wenzake mpaka Bombay, Bara Hindi, akaimba, na nyimbo zake zikatiwa katika sahani za santuri. Alikuwa mwanamke wa kwanza wa Afrika ya Mashariki kufanyiwa hivyo. Huyo ndiye Siti binti Saad, aliyekufa mwaka 1950, na Shaaban Robert aliandika wasifu wake.

Watu hupenda kumtaja Siti kuwa ushahidi wa "Penye nia pana njia." Ni kweli alikuwa na nia kubwa. Lakini tukiyatazama maisha yake vema twaona mambo mengine mawili. La kwanza, aliweza kuondoka Fumba. Kama angalizaliwa miaka 40 mapema, huenda asingaliruhusiwa kuvuka mpaka wa shamba. La pili, mjini walikuwapo watu waliomsikiliza, wakampa nafasi, wakamfundisha kazi yao. Shauri lake halikuwa la mtu mmoja. Yeye alileta sauti na moyo, nao wakaleta ala na maarifa, wakakata shauri pamoja.

PWANI YA KIWENGWA

Kiwengwa haiko katika nchi ya mikarafuu. Mashamba makubwa ya zamani yalikuwa upande wa magharibi, penye udongo mzito. Upande wetu ni mawe ya matumbawe, na jembe hugonga mwamba kabla halijazama. Kwa hiyo watu wa pwani hii tangu zamani wamekula kwa bahari na kwa mnazi.

Ndugu zetu wa bara ambao hawajafika pwani huenda hawajui jinsi kamba ya kumbi itengenezwavyo. Makumbi ya nazi huzikwa ufukoni, mahali ambapo maji ya bahari hupwa na kujaa juu yake. Hukaa humo kwa miezi mingi mpaka yalegee, nyama yake ioze, na nyuzi ziachane. Kisha wanawake huyafukua, wakayapondaponda, wakayaosha. Zikabaki nyuzi tupu ziitwazo usumba. Hizo ndizo zisokotwazo kuwa kamba. Mtu akijaribu kusokota kumbi lisilozikwa atachoka bure, maana haliingii katika mkono. Wale waliosema kwa Kilatini kwamba kufungua hutangulia wangalielewa kazi hii bila kufasiriwa.

Mwaka 1989 kazi mpya ilianza katika pwani ya mashariki ya Unguja, nayo ni kilimo cha mwani. Mbegu zake zilitoka nchi ya Ufilipino. Mkulima hupiga vijiti mchangani mahali maji yapwapo, akanyosha kamba kutoka kijiti hata kijiti, akafunga vipande vya mwani katika kamba. Baada ya majuma sita hivi huvuna, akaanika juani, akauza. Nao hupelekwa ng'ambo kutiwa katika vyakula, dawa na vipodozi. Walioishika kazi hii kwa wingi ni wanawake. Huenda wakati wa bamvua, maji yakiwa yamepwa, wakainama kwa saa nyingi katika jua na chumvi. Kwa kazi hiyo wengi walipata fedha iliyokuwa yao wenyewe, wakalipa ada za watoto na kuezeka nyumba.

Kisha shida zikaja. Mwani wa namna mbili ndio uliopandwa. Ule wenye bei kubwa zaidi, uitwao kotoni, ulianza kufa katika maji ya karibu, kwa kuwa bahari imezidi joto na magonjwa ya mwani yameongezeka. Ukabaki ule wa bei ndogo. Bei yenyewe hupangwa na wanunuzi, wala si na aliyeinama majini. Na katika pwani ya Kiwengwa hoteli kubwa zimejengwa tangu miaka ya 1990, na mchanga ule ule ambao mmoja huutaka kwa kuanikia mwani, mwingine huutaka kwa kuotea jua.

Wataalamu wameonyesha kwamba ule mwani wa bei kubwa waweza kukua katika maji ya kina kirefu, ambako joto ni kidogo. Habari hiyo ni njema. Lakini ili kufika huko mwanamke huhitaji chombo, na kujua kuogelea, na wengi wao hawakufundishwa kuogelea tangu utoto. Je, hao nao tuwaambie, "Penye nia pana njia"? Mtu aliyeinama majini miaka 30, akipanda tena kila kilichokufa, hapungukiwi nia. Kilichopungua ni mashua, na mwalimu wa kuogelea, na mtu wa kuketi naye apange bei. Mahali walipopata mambo kama hayo wamekwenda mbele. Wako wanawake wa pwani hii waliofundishwa kusaga mwani na kuutia katika sabuni, na sabuni ile hupata bei kupita mwani mkavu.

MWISHO WA MANENO

Tumeanza kwa neno moja la Kiingereza, tukapita sokoni, kanisani, mahakamani na ufukoni. Twaona nini?

Twaona kwanza kwamba wale waliosema nia ina nguvu hawakusema uongo. Bila nia kitabu cha 1870 kisingalikuwapo, wala paa la Mkunazini, wala sauti ya Siti, wala kamba za mwani. Mwenye kukaa akingoja njia imjie kitandani atangoja sana. Kwa hiyo kijana asomaye haya asipate udhuru wa uvivu katika maneno yetu.

Lakini twaona pia kwamba nia ya watu wetu haikuwa haba wakati wowote. Watoro walikuwa nayo, na waliotembea kwenda mahakamani walikuwa nayo, na waliobaki na mihogo yao walikuwa nayo pia. Kilichobadilika kutoka zamani moja hata nyingine ni njia. Na njia hutengenezwa kwa sheria, kwa ardhi, kwa elimu, na kwa watu wakubalio kuketi shauri moja na wale walio chini.

Basi sisi tulio walimu, na wazee wa kanisa, na wazazi, tuwe na uangalifu na methali yetu. Akija kwetu mtu aliyeshindwa na jambo, tusiharakishe kumwambia akaze moyo. Tuketi naye tumwulize amefungwa wapi, na ni nani aliyelifunga fundo lile, na kama mikono yetu yaweza kumsaidia kulifungua. Likisha kufunguka, shauri atalikata mwenyewe.